Simu Mbili Juu ya Meza ya Nasoro

Asubuhi ile Bénédicte alikuwa anaanika mpunga mbele ya nyumba yake, hapa Sange, kwenye barabara ya Uvira kwenda Bukavu. Alitandaza shitingi, turubai la plastiki, chini, akamwaga mpunga, akaanza kuugeuza kwa mikono. Kuku walimzunguka. Aliwafukuza, wakarudi.

Watu humwita Mama Olga, kwa jina la binti yake. Yeye ni kiongozi wa kikundi cha akina mama wanaolima mpunga. Wenzake walimpa kazi ya kutafuta wanunuzi. Siku hiyo alikuwa anangojea habari ya Pudentienne, mfanyabiashara mkubwa wa Bukavu.

Simu yake ya zamani ikalia.

"Mama Olga? Ni minye Pudentienne. Lori iko njiani. Muko na mupunga ya..."

Sauti ikakatika. Kioo kikawa cheusi. Bénédicte alibonyeza huku na huku. Akatoa betri, akaipangusa kwa kitenge chake, akairudisha. Simu haikuwaka tena.

Lori halikufika Sange. Pudentienne hakupata jibu, basi alinunua mpunga wa watu wa Luvungi, huko njiani. Lori likajaa huko huko, likarudi Bukavu.

Jioni akina mama walikusanyika. Walikuwa na hasira. Bernardine, mkubwa wao kwa umri, alimtazama Bénédicte bila kupepesa macho.

"Simu ilizimika yenyewe, ao ni weye uliizima?"

"Niizime juu ya nini, mama?"

"Nitajua namna gani? Pengine uko na muteja wako wa pembeni."

Hakuna aliyemtetea. Bénédicte alihisi uso wake unawaka. Tangu achaguliwe hakuwahi kuchukua hata konzi moja ya mpunga wa wenzake.

Mwishowe walikubaliana kikundi kinunue simu nzuri ya kugusa, inayoweza kutuma picha za mpunga kwa wanunuzi. Bénédicte ndiye angeichagua.

"Lakini utatueleza," alisema Bernardine. "Utatuambia umenunua gani, na juu ya nini umeacha ingine."

Nyumbani, mume wake Gaspard alifurahi mno kusikia habari hiyo.

"Nenda kwa Vainqueur, kule Uvira," alisema. Vainqueur ni mtoto wa baba yake mdogo. "Yuko na simu moja ya ajabu! Memwari kubwa, kamera kubwa, inangaa kama kioo. Usipoteze wakati kwa wengine."

Bénédicte alishangaa. Gaspard ana simu ndogo ya vitufe, na hajui kitu kingine ndani yake ila kupiga na kupokea. Tangu lini anajua habari ya kamera na memwari?

Kesho yake alimkuta Gaspard nyuma ya nyumba, anaongea kwenye simu kwa sauti ya chini. Alipomwona mke wake, alikata.

"Ulikuwa unaongea na nani?"

"Na muntu tu."

"Muntu gani?"

"Muntu wa kazi."

Gaspard ni mkulima. Kazi yake yote iko shambani, na watu wa kazi yake wanapita mlangoni kila siku. Bénédicte hakuuliza tena, lakini usingizi ulimpotea.

Akaenda kwa jirani yake, Noella. Noella ana kibanda kando ya barabara kuu. Ameweka vioo vya jua juu ya paa, na watu wanaleta simu zao kuchaji. Pia anatengeneza simu zilizoharibika.

"Kabla ya kusema jina la simu," Noella alimwuliza, "niambie itafanya kazi gani."

"Kupiga na kupokea. Kutuma picha za mupunga. Na kukaa na moto wa betri siku nzima, hata umeme ikikosa."

"Basi usiangalie ile inangaa. Angalia ile inafanya hizo kazi tatu. Kuna simu ya Vainqueur, naijua. Kuna ingine kwa Nasoro, kule kule Uvira, ngambo ya barabara na duka ya Vainqueur. Bei yao iko karibu sawa. Minye naona ya Nasoro itakufaa zaidi."

Bénédicte alikunja uso. Huyu naye anamsifia mtu. Akamwuliza waziwazi:

"Na weye, Noella, Nasoro anakupa nini?"

Noella hakukasirika.

"Umefanya vizuri kuuliza. Minye nanunua kwake vioo vya kubadilisha. Mukinunua simu yake na ikivunjika, mutaileta kwangu, nami nitapata kazi. Sasa umejua. Juu ya hiyo, usinunue kwa maneno yangu. Tuende wote, utajaribu kwa mikono yako. Ukiona nadanganya, utaniambia mbele ya watu."

Bénédicte alirudi nyumbani akifikiri. Gaspard alikuwa amemsifia mtu bila kusema anapata nini. Noella alisema yote. Lakini hata hivyo hakumwamini kabisa. Alifunga mchele kidogo kwenye kitambaa, akautia katika mkoba wake.

Siku ya soko walishuka Uvira, yeye, Gaspard na Noella. Gaspard hakupenda Noella aje.

"Huyu anakuja kufanya nini?"

"Anakuja kuangalia," alijibu Bénédicte. "Kama weye."

Duka la Vainqueur liko katika mtaa wa Mulongwe, karibu na soko. Taa zinawaka mchana, na muziki unapigwa mlangoni. Vainqueur aliwapokea kwa mikono miwili.

"Shemeji! Yaya, kaka yangu mukubwa! Karibuni! Simu yenu iko tayari!" Aliweka kartoni mezani. "Ona mwenyewe. Memwari kumi na sita! Kamera mia moja na nane! Kwa bei hii hutapata ingine."

"Ifungue," alisema Bénédicte.

"Shemeji, kartoni ikifunguliwa, umeshanunua."

"Mupunga wangu muntu hanunui bila kutia mukono ndani ya gunia. Ifungue."

Vainqueur alimtazama Gaspard. Gaspard alitazama chini. Mwishowe Vainqueur akafungua.

Simu ilikuwa nzuri kweli. Kioo chake kilikuwa kikubwa, nayo ilikuwa nyepesi mkononi. Noella alimwonyesha Bénédicte mahali pameandikwa *Paramètres*, yaani mipangilio ya simu. Bénédicte aligusa mwenyewe, akasoma polepole.

"Hapa imeandikwa nane, kisha nane ingine. Kumi na sita iko wapi?"

"Nane na nane ni kumi na sita," alisema Vainqueur upesi.

"Nane ya kwanza ndiyo memwari ya kazi," alieleza Noella. "Nane ya pili simu inaikopa kwenye nafasi ya kuweka picha. Inasaidia kidogo, lakini iko na mwendo wa pole. Siyo uongo. Lakini usilipe kama vile zote ziko sawa."

"Na hii tarehe?" Bénédicte aliuliza. Ilikuwa tarehe ya mwisho ambayo kampuni ilituma marekebisho ya usalama. Ilikuwa ya zamani sana.

"Simu isiyopata marekebisho ni kama nyumba ambayo hakuna anayetengeneza mlango wake," alisema Noella. "Kikundi kitapokea malipo kwenye simu hii. Wezi watapata njia."

Vainqueur alicheka, lakini jasho lilimtoka puani.

Bénédicte alishukuru, akasema anataka kuona na simu ya Nasoro. Akavuka barabara. Vainqueur hakutaka kumpoteza mteja. Akachukua simu yake, akawafuata.

Nasoro ni mzee wa kofia nyeupe. Familia yake imefanya biashara Uvira tangu zamani. Hakucheka, wala hakuwaambia karibu mara mbili. Bénédicte alimtilia shaka zaidi kuliko Vainqueur. Mtu asiyetaka kuuza ana nini cha kuficha?

Nasoro akaweka simu mezani, imeshafunguliwa.

"Angalia," alisema, akaendelea kunywa chai yake.

Ilikuwa nzito kidogo, rangi ya majivu, haina mapambo. Bénédicte alifanya kama alivyofanya kule. Alifungua mipangilio. Memwari ilikuwa nane tu, lakini zote za kweli. Tarehe ya marekebisho ilikuwa ya karibuni. Betri yake, kwa namba iliyoandikwa kwenye kartoni, ilikuwa kubwa kupita ile ya Vainqueur.

Akatoa ile kadi ndogo ya simu ambayo watu huita *puce*. Aliitia kwanza katika simu moja, akampigia dada yake wa Kamanyola. Kisha akaitia katika nyingine, akapiga tena. Katika zote mbili sauti ilikuwa safi.

"Hapo ziko sawa," alisema. "Sasa twende kwenye jua."

Walitoka nje. Jua lilikuwa kali. Kioo cha simu ya Vainqueur kilififia, maandishi hayakusomeka vizuri. Cha Nasoro kilisomeka, ingawa nacho kilipungua.

Waliporudi ndani, Bénédicte alifungua kitambaa chake, akamwaga mchele juu ya meza ya Nasoro. Nasoro akaweka kikombe chini.

"Mama, unafanya nini?"

"Nafanya kazi ile nitafanya kila siku."

Akapiga picha ya mchele kwa simu ya kwanza, kisha kwa simu ya pili, bila kusogeza kitu. Akaweka simu zote mbili pamoja, akakuza picha kwa vidole. Kwenye simu ya Vainqueur, yenye kamera ya mia moja na nane, chembe za mchele zilishikana kama uji. Kwenye simu ya Nasoro, ambayo namba yake ilikuwa ndogo kuliko nusu ya hiyo, kila chembe ilionekana.

Hata Noella alishangaa. "Nilifikiri zitakuwa karibu sawa," alisema.

"Simu yangu siyo mbaya!" alisema Vainqueur.

"Siyo mbaya," Noella alikubali. "Muntu anayependa kuangalia filamu ataifurahia, kioo ni kikubwa. Inachaji haraka pia. Lakini kioo kikivunjika, sitapata kingine Uvira wala Bujumbura. Niko na simu tatu kama hiyo kwenye kibanda, zinangoja tu."

Hapo Vainqueur alimgeukia Gaspard kwa hasira.

"Yaya, ulisema atanunua! Saa yako nimeshaiweka pembeni!"

Bénédicte aliziacha simu mezani.

"Saa gani?" aliuliza Bénédicte.

Gaspard alijikuna shingo. "Aliniahidi saa ya mukono. Kama nikileta muteja."

"Na ile simu ulikata nyuma ya nyumba?"

"Nilikuwa naongea naye."

Bénédicte alikaa kwenye kiti cha Nasoro. Alivuta pumzi ndefu.

"Baba Olga, minye sikulala. Nilifikiri uko na mwanamuke mwingine."

"Mwanamuke?" Gaspard alipigwa na butwaa. "Kwa saa tu?"

Nasoro akacheka kwa mara ya kwanza. Bénédicte hakucheka.

"Saa ni yako," alimwambia mume wake. "Lakini simu ni ya akina mama. Wangesema nimewauza kwa saa ya bwana wangu. Na wangekuwa na haki."

Gaspard aliinamisha kichwa. "Nilikosa," alisema. "Sikuona ubaya wake. Sasa naona."

Bénédicte alichagua simu ya Nasoro. Lakini shaka yake haikuisha kwa sababu mzee amecheka. Alibonyeza \*#06#, kama Noella alivyomwelekeza. Kila simu ina namba yake ya utambulisho, na kwa njia hiyo namba hutokea kwenye kioo. Akailinganisha na namba ya kartoni. Zilikuwa sawa.

Nasoro akaandika fakture, yaani risiti. Aliandika neno moja tu: simu.

"Andika aina yake," alisema Bénédicte. "Andika na ile namba. Na garanti, inalinda nini?"

Nasoro alinung'unika, lakini akaandika yote. Akaeleza kwamba garanti hailindi simu iliyoanguka wala iliyoingia maji. Kisha akapiga muhuri.

"Mama," alisema, "ningekuwa na wateja kumi kama weye, ningefunga duka."

"Ao ungeuza vitu vizuri zaidi," alijibu Bénédicte.

Sange, akina mama walikuwa wanamngojea. Aliweka simu, kartoni na fakture katikati yao. Akaeleza yote: memwari, tarehe, betri, jua, mchele. Habari ya saa alitaka kuiruka. Lakini Gaspard mwenyewe alisimama, akaisimulia mbele ya wote. Bernardine alimsikiliza hadi mwisho, akasema tu: "Kaa, baba."

Tangu siku hiyo walipatana kwamba mnunuzi akipiga, simu itawekwa kwenye sauti kubwa ili kila aliyepo asikie.

Msimu wa mvua ulipofika, umeme ulikatika siku nyingi, na kibanda cha Noella kikakosa jua. Simu za watu wengi zilizimika. Ya kikundi, kwa betri yake kubwa, ilibaki na moto. Bénédicte alipiga picha ya mchele wao mpya, akaituma Bukavu.

Muda mfupi baadaye simu ililia. Akina mama walisogea karibu. Sauti ya Pudentienne ilijaa uwanja.

"Mama Olga, nimepokea picha. Muchele ni muzuri. Lori itafika kesho, nachukua yote."

Akina mama wakapiga vigelegele.

"Ngojeni kwanza!" alisema Pudentienne. "Hapa pembeni, karibu na kidole cha muntu, naona jiwe."

Vigelegele vikakatika. Wote waliinama juu ya picha. Jiwe lilikuwepo kweli, dogo, jeusi. Na kidole kilichokuwa karibu nalo kilikuwa cha Bernardine.

Bernardine alisimama. Akachukua ungo, akaketi kwenye mkeka, akaanza kuchagua mawe. Wengine walimtazama, wakacheka hadi machozi yakawatoka. Kisha, mmoja mmoja, nao wakachukua nyungo zao.