Mashine ya Marehemu

Mashine ya boti ilikuwa ya moto, na ilikuwa haijawashwa kwa miezi mitatu.

Sindano alirudisha kiganja juu ya kifuniko, akahakikisha, kisha akachukua spana. Mtaa mzima ulimwita hivyo kwa wembamba wake na kwa kazi yake ya kushona nguo. Tangu boti ya mumewe ikutwe ikielea tupu ziwani, na mwili usionekane, hakuna jambo lililomshtua. Hakuwa amelia pia. Watu walisema ana roho ya jiwe. Yeye alijiona kama mguu uliokufa ganzi: unajua ni wako, lakini huusikii.

"Mpelekee fundi mitambo," mama mkwe alisema kutoka mlangoni. "Kuukuu hilo lilimsumbua hata marehemu."

"Cherehani ni mashine, mama, na hii ni mashine. Boti ikikaa bure tutakula nini, mawimbi?"

Aliifungua kabureta, akaisafisha kwa petroli na mswaki mchakavu. Akabadilisha plagi. Pampu ya maji, kule chini karibu na pangaboi, ilikuwa imeziba. Akachokoa kwa bisibisi, akanasa unywele mmoja, mweusi, wenye tope. Akauvuta, ukaja. Akaendelea kuuvuta, akiuzungushia kwenye kigurudumu cha uzi, mpaka kigurudumu kikajaa na unywele haujaisha. Akaukata kwa mkasi.

Ndani ya mashine kitu kikavuta pumzi.

"Umesikia?" mama mkwe akanong'ona.

"Hewa tu, mama." Akakaza boliti.

Kesho yake mchana aliifunga kwenye ukingo wa pipa la maji uani, kama mumewe alivyozoea kuijaribu. Kabla hajaunganisha mpira wa petroli, aliivuta kamba polepole aone kama imekwama. Mashine ikawaka. Ikanguruma bila tone la mafuta, na katikati ya mngurumo ikatoka sauti yenye kithembe, sauti ya marehemu mwenyewe.

"Mama. Mama, nathikia baridi."

Mama mkwe alitoka ndani mbio, miguu mitupu. "Mwanangu! Yumo humu mwanangu!" Akaikumbatia mashine, machozi yakimdondoka ndani ya pipa, na kadiri yalivyodondoka ndivyo sauti ilivyozidi kuwa tamu.

Kwa siku nne hakubanduka hapo. Hakula. Mashavu yalimbonyea, na nyumba ikanuka tope la chini ya ziwa, hata kwenye mito ya kulalia. Sindano alilimwaga pipa asubuhi. Kufika saa sita lilikuwa limejaa tena, na hakuna aliyeteka maji.

Siku ya tano alimleta mganga, bibi mkali mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Bibi alisimama mlangoni, akanusa, sura ikambadilika.

"Huyo si mumeo," alisema kwa sauti ya chini. "Ni jini la maji. Linaiga sauti za liliowazamisha, linakunywa machozi ya wanaowalilia. Mkweo limeshammaliza nusu."

"Mbona mimi halinigusi?"

"Litakunywa nini kwako? Basi wewe ndiye utakayeifungua mashine, boliti moja moja, hivyo hivyo ikinguruma. Ukidondosha chozi, nawe tutakukosa."

Bibi akamshika mama mkwe, akamziba masikio. Sindano akalegeza boliti ya kwanza, na mumewe akamwita kwa jina la faragha ambalo hata mama yake hakulijua. Akalegeza ya pili, na mumewe akamuuliza amemkosea nini. Akaendelea, vidole vikiteleza kwa maji baridi yaliyoanza kuvuja kila penye tundu, na sauti zikawa nyingi, za wanaume, za wanawake, ya mtoto mchanga, zote zikimsihi, mpaka ilipobaki boliti ya mwisho na zote zikanyamaza, ikabaki moja tu, ya mwanamke aliyelia kwa kwikwi, kilio kirefu cha mtu aliyefiwa, na Sindano akatambua kuwa sauti ile ni yake mwenyewe.

Akalegeza.

Mashine ikafa. Maji ya pipa yakanywea mbele ya macho yao hadi chini pakawa pakavu.

Mama mkwe alipopewa uji, alikishika kikombe bila kunywa. "Alisema nini mwisho?"

"Amekuaga, mama. Amesema ule."

Akanywa.

Wiki iliyofuata ziwa liliutema mwili wa marehemu ufukweni, mzima, kana kwamba alizama jana. Walimzika. Mama mkwe alilia kama binadamu wote wanavyolia, akabebwa, akanyamaza, akapona. Sindano alisimama kando ya kaburi na kwa mara ya kwanza aliuhisi msiba ukimpanda kifuani, mzito, ukija kooni. Akafumba macho ausubiri utoke. Hakikutoka kitu. Akajifinya. Akajaribu hata kujiliza kwa mdomo, midomo ikapanuka, ikabaki kimya.

Akamwendea bibi mganga, akamweleza.

Bibi alivua miwani, akaifuta.

"Limeondoka, mwanangu," alisema. "Ila halikuondoka mikono mitupu."