Shati la Kuol

Mvua ya Juba haipigi hodi. Ilimkuta Majur katikati ya soko la Konyo Konyo, mfuko wa nailoni kwapani, ikamkimbiza mpaka chini ya turubai la Immaculate, fundi cherehani kutoka Kitale. Akasimama pale akidondosha maji juu ya sare za shule zilizokwisha kupigwa pasi.

"We kaka! Hizo nguo ni za watoto wa watu!"

"Nihurumie, madam. Hata mimi ni mtoto wa watu."

Kiswahili chake kilikuwa cha Nakuru kabisa, alikokulia kama mkimbizi, na Immaculate aliyekuwa amejiandaa kumpa yake akajikuta anacheka. Alikuwa mwanamume mrefu, shati la maua limemganda kifuani, raba nyeupe zimejaa tope. Aliketi kwenye kiti cha wateja mpaka mvua ikaisha, na jua likawaka bado ameketi.

Tangu siku hiyo akawa anampigia simu kila asubuhi kuuliza cherehani imeamkaje. Jambo moja tu lilimuudhi Immaculate: kila akimpakulia ugali na samaki, Majur alisema ameshiba, huku tumbo linanguruma hadi wauza vitambaa wa jirani wanasikia.

"Unaona chakula changu ni uchafu?"

"Hapana, Imma. Kwetu Wadinka mwanamume hali mbele ya msichana anayemtaka."

"Kumbe unanitaka?"

"Njaa inaniua hapa. We unaonaje?"

Alikuwa mwanajeshi. Hilo alimwambia mapema, kwa sauti ya chini, kama mtu anayetaja ugonjwa. Bomu lilikuwa limemharibia sikio la kushoto, naye alikuja Juba kwa matibabu. Mjini alivaa kiraia, maana watu wamechoka na vita hivi, wamechoka kabisa, na malori ya askari yakipita sokoni wanawake hugeuza uso. Hawachukii vijana waliomo. Wanachukia wanaowatuma, ambao watoto wao wenyewe wanasoma Nairobi na Kampala na hawajui bunduki inashikwaje.

Sikio likiwa bado halijapona, amri ikaja: Jumatatu arudi vitani. Majur akaleta shati la kijeshi.

"Nipunguzie mabega, mpenzi. Langu limechanika, na stoo wanasema hakuna."

Immaculate alilitundika kwenye kamba. Moyoni alikuwa akilia.

Ijumaa akaja mteja mpya, mwanamke kijana aitwaye Nyibol, na gauni la mtoto la kurefushwa. Alipoinua macho akaliona lile shati. Akalivuta, akageuza kola.

"Hii mimi ndio nashona! Uzi bluu, sababu ya kijani ilikosa. Hii ni ya bwana yangu!" Akaficha uso ndani ya shati, akacheka, machozi yakamtoka. "Kumbe iko Juba! Na nyumbani hakuja! Yeye iko wapi?"

Kwa wivu uliompanda Immaculate, hata jina la huyo bwana hakuuliza.

"Kesho anakuja kulichukua," alisema.

"Kwes, vizuri sana. Wewe ambia yeye, mimi napika. Ambia yeye, mtoto sasa inatembea." Akataja anakokaa, Sherikat, ng'ambo ya daraja, akaondoka akiruka madimbwi, gauni la mtoto amelisahau mezani.

Immaculate akachukua simu.

"Mkeo amekuja."

"Mke gani tena, malkia wangu?"

"Nyibol. Ameliona shati. Anasema anapika."

Immaculate alingoja akane, atukane, acheke, chochote.

"Imma," Majur alisema, "umemwambia nini?"

"Nimemwambia unakuja kesho! Mwongo mkubwa wewe!" Akakata, akaifungia namba yake.

Jumamosi asubuhi Majur alikuwa amesimama mbele ya turubai, macho mekundu, hakuna utani usoni.

"Mimi sina mke. Shati ni la Kuol. Nyibol ni mke wake."

"Basi huyo Kuol aende kwake!"

"Kuol tulimzika mwezi wa nne."

Immaculate akakaa. Majur akaeleza huku ameinamisha kichwa. Wakubwa waliwakataza kusema, kwa sababu watu wakijua wangapi wamekufa wataanza kuuliza wamekufa kwa ajili ya nini. Hakuna aliyetumwa kwa Nyibol. Yeye mwenyewe alikuja Juba na nguo za rafiki yake ili ampelekee, na kila alipofika darajani miguu ilikataa.

"Halafu nikaambiwa nirudi, nami sina shati. Nikajiambia Kuol hangeninyima. Nimeona haya, Imma. Mbele yako, mbele yake."

"Anapika, Majur. Sasa hivi anapika."

"Nitaenda Jumatatu, kabla lori halijaondoka."

"Utaenda sasa, na mimi nitaenda. Hiyo kesho anayoingoja nimempa mimi."

Walichukua lile shati, wakapanda bodaboda moja mpaka Sherikat. Nyibol aliwapokea mlangoni na lawa, shuka la njano lililofungwa begani, nywele zimesukwa upya, harufu ya mchuzi imejaa uani. Alimjua Majur, akafurahi, akachungulia nyuma yake.

"Kuol iko nyuma?"

Majur alimwambia kwa Kidinka. Immaculate hakujua neno hata moja, na alielewa yote. Nyibol hakupiga kelele mara moja. Aliipua sufuria kwanza, akaifunika, akafuta mikono. Ndipo akaanguka, na wanawake wa majirani wakaja mbio.

Walikaa naye mpaka alasiri. Alipopata sauti aliuliza kwa Kiswahili chake cha kambi ya Uganda, akiwatazama wote wawili: "Hii vita ni ya nani?" Majur, aliyeipigana, alimwekea shati la Kuol mapajani.

Njiani Majur alisimama.

"Imma, siku nikianguka mimi, hata wakitaka kutuma mtu hatakuja kwako. Hawakujui. Nataka nikuoe."

"Twende Kitale. Panda basi na mimi, tuachane na haya."

"Ninatamani. Lakini wenzangu wamebaki wachache kule, na wananingoja."

Immaculate alikasirika, akatembea mbele peke yake mpaka nyumbani kwake Hai Mauna. Jumapili alimfungulia namba, akamwambia neno moja tu: "Lete lile lako lililochanika."

Jumatatu, karibu na lori, alimkabidhi likiwa limeshonwa. Majur aligeuza ndani. Upande wa moyo palitariziwa jina la Immaculate, namba yake ya simu, na chini yake neno "mke".

"Mke? Lakini hukunijibu."

"Ndilo jibu hilo." Alimvisha, akamfunga vifungo mwenyewe, kimoja kimoja, machozi yakimshuka bila kuyafuta. "Na hiyo namba, Majur, usije ukaacha mtu mwingine aisome."