Miplamu ya Daktari Bajčetić

Miplamu yote ya majaribio ilikuwa chini, imekatwa kwa msumeno karibu na ardhi. Inspekta Slavica Perunović alipita katikati ya visiki. Baba yake alikuwa mkulima wa plamu. Alijua mti mmoja unakula miaka mingapi ya mtu.

"Ni jirani, mzee Radoje," alisema Daktari Tihomir Bajčetić, mtafiti aliyeipanda miti hiyo. "Tuliwafukuza mbuzi wake humu, akaapa kutukomesha."

"Yuko mahabusu. Anakana."

"Ulitegemea akubali?"

Slavica alivizunguka visiki. Matawi yalikuwa yamerundikwa pembeni na kuchomwa hadi majivu. Mtu wa kulipiza kisasi hukata akakimbia. Hakai kuchoma majani. Akapiga magoti, akapekua nyasi mpaka akaokota plamu moja iliyosahaulika. Akaipasua. Kokwa ilikuwa na miduara iliyopauka.

"Hii nini, daktari?"

"Kokwa."

"Usinifanye mtoto. Huu ni ugonjwa wa ndui ya plamu, ndio uliomaliza shamba la baba yangu. Na wewe uliandika kwenye jarida kwamba miti hii haiugui."

Bajčetić akakosa pa kuweka mikono.

"Msumeno uko wapi?"

"Afande, sikiliza kwanza..."

"Uko wapi?"

"Kwenye buti la gari langu."

Akajibwaga juu ya kisiki. Alipoanza kusema, alisema kwa hasira. "Mti unataka miaka. Niliomba tusubiri. Wakuu wa taasisi wakaniambia chapisha sasa, la sivyo ufadhili unakwenda kwa wengine na mkataba wako umekwisha. Nikachapisha, wakanipigia makofi. Mwaka huu majani yakaanza kutoka madoa. Wiki ijayo wafadhili wanakuja kuiona miti. Ningewaonyesha nini?"

"Ukweli."

"Ukweli haupewi ufadhili, Afande."

"Na miche ya miti hii? Mmeendelea kuwauzia wakulima?"

Bajčetić akageuza uso.

"Nimekuuliza."

"Tumeuza. Bonde zima, mpaka mji wa Valjevo."

Damu ilimchemka Slavica. Watu waling'oa miti ya babu zao kwa kuliamini jina la mtu huyu. Akampigia sajini simu: mzee Radoje aachiwe sasa hivi, na lori lolote la miche lisitoke langoni mwa taasisi. Kisha akatoa pingu.

"Na walionisukuma?" Bajčetić aliuliza. "Wao watalala kwao leo?"

"Nitawafuata mmoja mmoja. Lakini aliyekata ni wewe, na aliyemsingizia mzee wa watu ni wewe. Lete mikono."