Nahodha Akianguka Majini

Nahodha alikuwa bingwa wa bahari, tusimnyime haki yake. Boti ya tanga ya familia yake ilipeleka mizigo kwenye visiwa vya mbali, na kila kitu alifanya yeye. Usukani, yeye. Redio, yeye. Mkewe alishona matanga yaliyochanika. Binti yao mkubwa alivuta kamba alipoambiwa vuta.

Jirani yao alikuwa mwanamke wa kikosi cha uokoaji baharini. Siku moja alikuja kuazima sufuria, akawakuta mama na binti wanakunja tanga sebuleni.

"Shoga," alimwambia mke, "shemeji akianguka majini, nani atamwokoa?"

"Nahodha, nani mwingine?" mke alijibu haraka.

Binti alicheka mpaka akakaa chini. Mke hakucheka. Alimpenda mumewe, na asingejua hata pa kuanzia.

Asubuhi iliyofuata walitoka na boti, jirani akiwa nao. Alilivisha dumu tupu jaketi la kuokolea, akalitupa majini.

"Yule ndiye shemeji," alisema. "Na wewe shemeji wa kweli, kaa pale. Hata kukohoa marufuku."

Jamani, walihangaika! Mke alikimbilia redio, binti akakimbilia kamba. Walipoinua vichwa, dumu halionekani.

"Mumeo ndiyo basi tena," jirani alisema.

Mke alitaka kulia. Nahodha alifungua mdomo, akaufunga.

"Tutatafuta dumu, turudie," jirani alisema kwa upole. "Kwanza piga kelele: mtu majini! Mtupie boya hapo hapo. Mmoja amnyooshee kidole, asimwondolee macho hata akiitwa. Mwingine ageuze boti ielekee upepo, isimame. Ukipata nafasi tu, toa redioni wito wa hatari: Meidei, Meidei, Meidei. Taja jina la boti, mahali mlipo na shida yenu. Kabla ya kuwasha injini, toa kamba zote majini, zisije zikanasa kwenye pangaboi la injini. Ukimfikia, zima."

Walirudia mpaka viganja vikawaka moto. Hatimaye mke aliliopoa dumu.

"Hongera, fundi!" jirani alipiga makofi. "Sasa mfanye hivi kila mnapoanza safari."

Wakafanya. Nahodha alinuna mwanzoni, kisha akazoea.

Safari moja, mbali na nchi kavu, upepo uligeuka ghafla. Mti wa chini wa tanga uliyumba, ukampiga Nahodha begani. Chubwi! Jaketi lilimwelesha, lakini boti ilikuwa inamwacha.

"Mtu majini!" binti alipaza sauti. Alinyoosha kidole, wala hakukishusha.

Mke alitupa boya. Mikono ilijua kazi. Aligeuza boti, akaita redioni, akavuta kamba, akawasha injini. Alisogea taratibu mpaka akaona ndevu za mumewe, akazima. Walimfunga kamba, wakamsaidia kupanda ngazi. Kisha mke akarudi redioni.

"Tumempata," alisema. "Yuko hai."

Nahodha alikaa ndani ya blanketi, meno yakigongana.

"Mke wangu, wewe ni jembe," alisema. Kisha akauliza, "Naweza kushika usukani?"

Miaka yote hiyo hakuwahi kumwomba mtu ruhusa.

"Ukishapata joto," mke alijibu, akaendelea kuongoza boti.