Kuigawa Diski Yenye Sauti ya Babu

Vuuu... vuuu... Gizani, kabla ya alfajiri, nilisikia feni ya kompyuta ikihema kando ya jiko. Nilikuwa nimeiwasha, nikarudi kulala kidogo. Bado ilikuwa haijamaliza kuwaka.

"Mzee wako bado anapanda mlima?" aliuliza mama mkwe wangu, Stoyanka, kutoka kitandani kwake.

"Bado, mama. Tena kwa mguu mmoja. Leo jioni kompyuta hii naiwekea Linux. Ni mfumo wa bure, nao ni mwepesi kwa kompyuta kuukuu."

Stoyanka akaketi. "Na Babu je?"

Babu ni mumewe, Asen. Alifariki mwaka huu. Ndani ya kompyuta ile mna hadithi alizomsimulia binti yangu Kalina, kwa sauti yake mwenyewe. Hazipo kwingine popote.

"Nimeshatoa nakala, mama. Usiogope."

Jioni nilirudi na mwalimu wetu wa kompyuta, dada Zdravka, anayekaa ghorofa ya juu. Mama mkwe alikuwa amepika patatnik, mkate wa viazi. Nilichomeka fleshi yenye Linux. Kioo cha kompyuta kikauliza: nifute diski nzima, au utagawa mwenyewe? Nikanyoosha kidole kwenye jibu la kwanza. Lilionekana rahisi.

"Toa mkono, Ralitsa!" dada Zdravka alisema. "Nakala ya Babu iko wapi?"

"Kwenye sehemu ya pili ya diski."

"Diski hii hii?"

"Ndiyo, dada."

"Ehe! Umeficha ufunguo wa akiba ndani ya nyumba, halafu unaichoma nyumba. Jibu hilo linafuta sehemu zote."

Niliurudisha mkono mapajani. Mama mkwe aliweka kisu chini, akasogea karibu na kompyuta.

"Hujabonyeza, kwa hiyo hakuna kilichopotea," dada Zdravka alisema. "Ghairi."

"Lakini mimi sielewi," mama mkwe alisema. "Diski ni moja. Sehemu zinatoka wapi?"

"Mama, mlipooana mlikaa wapi?" dada Zdravka alimwuliza.

"Kwa wakwe zangu. Chumba kimoja, familia mbili. Tuliweka kabati katikati." Akacheka. "Na mama mkwe wangu alikuwa anasikia kila kitu!"

"Basi diski ni chumba kile. Sehemu ni pande za kabati. Paa likianguka, kabati halimwokoi mtu."

Tukaanza upya. Kwanza tulinakili hadithi kwenye fleshi nyingine. Dada Zdravka akaichomeka kwenye kompyuta yake, akahakikisha zinasikika. Kisha, tukiwa kwenye mfumo wa zamani, tuliipunguza ile sehemu ya pili, tukapata nafasi tupu. Ndipo tukarudi kwenye Linux, tukachagua kugawa wenyewe.

"Gusa nafasi tupu tu," alinionya. "Na hii sehemu ndogo ya kuwashia kompyuta, usiifute."

Kwenye nafasi tupu nilitengeneza sehemu tatu. Moja ya mfumo, alama yake ni mkwaju mmoja: /. Ya pili ndogo, ya kusaidia kumbukumbu ikijaa. Ya tatu, kubwa kuliko zote, ya mafaili yetu: /home.

"Kwa nini mafaili yakae peke yake?" niliuliza.

"Siku ukibadilisha mfumo, utafuta upande wa mfumo tu. Vitu vyenu vitabaki. Lakini nakala ya nje hiyo ni lazima, siku zote. Haya, soma orodha ya mabadiliko kabla ya kukubali."

Niliisoma mara mbili. Mama mkwe aliisoma pia, kwa miwani, ingawa alisema haelewi kitu. Nikabonyeza.

Patatnik ilikuwa imepoa tulipomaliza kuila. Nilizima kompyuta, nikaiwasha tena. Iliamka kabla sijavuta kiti.

"Hee! Mzee amepata miguu mipya," mama mkwe alisema.

Nilinakili hadithi kutoka kwenye fleshi hadi sehemu yetu mpya. Fleshi nikampa mama mkwe, akaifungia kwenye kopo la vifungo. Nikafungua hadithi ya kwanza. Mama mkwe alikuwa bado anamshukuru dada Zdravka, nami nikamshukuru kwa sauti ya juu zaidi.

Kalina, aliyekuwa ameketi kando yangu, akasogeza sikio kwenye spika, akainua mkono.

"Nyamazeni, Babu anaanza."