Betri Iliyovimba na Kopo la Biskuti

Kila asubuhi Hiske humpa mumewe Oebele kahawa na biskuti moja, kisha hufunga kopo. Ndivyo tulivyolelewa huku Friesland, kaskazini mwa Uholanzi: kikombe kimoja, biskuti moja, na mgeni hachukui ya pili.

Siku moja Hiske alikuta betri kuukuu ya baiskeli yake ya umeme imevimba bandani. Banda limepakana na chumba cha Oebele, na Oebele hutembea kwa mkongojo. Moto ukizuka, hatawahi kutoka. Hiske aliogopa sana.

Alimwita jirani yao Jelle, mzimamoto wa kujitolea. Jelle aliifukia betri kwenye ndoo ya chuma yenye mchanga mkavu, akaiweka nje, mbali na nyumba. Akamwonya asiichaji tena wala kuitupa kwenye taka.

"Mbona hukuirudisha dukani?" akauliza.

Hiske alikuwa ameirudisha. Wiarda, muuza baiskeli, alimwambia desturi ni kuukuu kwa mpya: nunua mpya hapa, ndipo tupokee kuukuu. Hiske alikuwa amenunua mpya kwingine, basi akarudi nayo nyumbani.

"Hiyo ni desturi yake, si sheria," alisema Jelle. "Anayeuza betri za aina hii lazima azipokee zikichoka. Bure, hata usiponunua kitu, hata kama ulinunua kwingine. Kampuni zilizozileta sokoni ndizo zinazogharamia kuzikusanya na kuzichakata. Huo mzigo si wako, mama."

Hiske akavaa koti.

Jelle alimpigia Wiarda simu kwamba wanaleta betri iliyovimba, akaipakia ndoo kwenye tela. Walipofika, Wiarda alirudia wimbo wake ule ule. Hiske akavuta kiti mlangoni, akamimina kahawa kutoka kwenye chupa yake.

"Mama Hiske, unanizuilia wateja."

"Siwazuii. Nawaeleza sheria."

Na kweli aliwaeleza, kila aliyeingia. Mmoja aligeuka akaenda kuchukua betri yake iliyokuwa imelala stoo. Wiarda alipoona hivyo, aliipokea ndoo, akaiweka nje kwenye kasha maalumu ambalo kampuni za betri huja kulichukua.

Sasa dukani kuna tangazo: betri kuukuu hupokelewa bure. Oebele analala bila wasiwasi.

Siku ile, Wiarda alifungua kopo lake la biskuti ili ugomvi uishe. Hiske alimtazama usoni, akachukua mbili.