Swali la Chiriku

Kila siku akitoka shule, Chiriku hutupa mkoba kitini na kuanza kumsimulia shangazi yake, fundi cherehani, yote yaliyotokea darasani. Ndiyo maana akabandikwa jina hilo. Siku hiyo aliingia kimya.

"Leo nani kakuziba mdomo?" shangazi aliuliza, macho yakiwa bado kwenye sindano.

"Mwalimu kaikataa mada yangu ya utafiti. Niliandika 'Michezo ya Watoto Duniani'. Akaniuliza dunia yote nitaizunguka lini, darasa zima likaangua kicheko. Kesho nisipopeleka swali jingine, na mpango wa kulitafutia jibu, nitaachwa nje ya maonyesho ya shule."

Shangazi naye akacheka, kisha cherehani ikanyamaza. "Sisi tulikuwa tukiruka kamba pale penye karakana siku hizi. Tukianza, hata tuitwe vipi, hatusikii." Akaanza kuimba wimbo wa kamba, akakwama katikati. Akamwita jirani yao, Mama Pacha, aje amkumbushe. Wakabishana kuhusu maneno ya wimbo, kila mmoja akishikilia yake, wakacheka mpaka machozi yakawatoka.

Chiriku aliwatazama kama vile ndiyo kwanza anawaona. Hakuwahi kufikiri kwamba watu wazima hawa waliwahi kuchubuka magoti. Na siku hizi mtaani hakuna msichana anayeruka kamba. Kwa nini waliacha? Swali lilikuwa hilo!

Papo hapo akamgeukia jirani. "Mliacha kwa sababu uwanja ulijengwa karakana, sivyo?"

"Ee, ndivyo."

"Basi nimemaliza!"

"Umemaliza nini?" shangazi alimkatiza. "Umemlisha mwenzio maneno. Muulize, halafu unyamaze. Najua kwako kunyamaza ni kazi nzito."

Chiriku akamgeukia tena Mama Pacha. "Ilikuwaje ukaacha kuruka kamba?" Akanyamaza.

Mama Pacha alitazama mlangoni kwa muda mrefu. "Karakana ilikuja baadaye," alisema taratibu. "Mama alijifungua, nikafungwa mtoto mgongoni. Nikawa nasimama pembeni nawaimbia wenzangu. Nilidhani akijua kutembea nitarudi kucheza. Sikurudi."



Jioni hiyo Chiriku aliandika mpango wake. Angewauliza akina mama waliokulia mtaani swali lile lile, bila kuwatangulizia jibu, aandike majibu yao kama yalivyo, kisha ayalinganishe. Mwanzoni alikuwa ameandika jibu, "karakana"; akalikata kwa mstari.

Kesho yake mwalimu aliusoma mpango mara mbili. "Huu unatekelezeka. Lakini mbona jibu hili umelikata?"

"Lilikuwa langu, Mwalimu. Halikuwa la niliyemuuliza."

Mwalimu akaligeukia darasa. "Mmemsikia? Chagueni swali mnaloweza kulifikia kwa miguu yenu wenyewe. Mkishafika, muwe tayari kuambiwa msichokitarajia. Anayekwenda kuuliza huku jibu analo mfukoni, huyo hatafiti. Anatafuta wa kumwitikia tu."